Siku Aproni Ilipopigwa Picha

Maabara ya Seli, ghorofa ya tatu
Jumatatu, 4 Machi

Kwako Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijakujulia hali kama adabu inavyotaka, niruhusu nitangulize habari ambayo Mama amekwisha kumweleza kila mtu anayenunua mkate duka moja naye: nimepokelewa kuwa mtafiti mwanafunzi katika Maabara ya Seli, chini ya Profesa ambaye akisikika akija koridoni, watu hufunga vifungo vya makoti yao. Nimepewa meza iliyo karibu na jokofu la sampuli, kiti kinacholia kila nikipumua, na koti jeupe ambalo mikono yake ni mirefu kuliko yangu. Nimeikunja. Hata hivyo, naamini sayansi imepata mtumishi.

Sasa nije kwenye kiini. Mada niliyoichagua ni hii: uwezekano wa uhusiano wa kibiolojia kati ya ugonjwa wa uchovu sugu na mionzi. Sikuiokota njiani. Nilipokuwa mtoto nilizoea kukusubiri nje ya chumba cha eksirei, kwenye mlango ule wenye taa nyekundu, nawe ulitoka umevaa aproni nzito ya madini ya risasi yanayozuia mionzi, ukitembea kama jemadari. Leo jemadari yule yule akipanda ngazi za nyumba yake mwenyewe, hulala hadi kesho kutwa, na kaka yake, yaani baba yangu mzazi, bado anasema, "Atembeetembee, atachangamka."

Kwa ufupi, Shangazi: ndani ya seli zetu mna vijitanuri viitwavyo mitokondria, vinavyogeuza chakula kuwa nguvu. Mionzi ikipita mwilini huweza kuvitikisa vijitanuri hivyo, ikaacha mabaki yenye kuunguza, na ikaiamsha kinga ya mwili isirudi tena kulala. Na kwa baadhi ya wagonjwa wa uchovu sugu, watafiti wameona vijitanuri vinavyosuasua na kinga isiyopumzika. Nyayo mbili zinazofanana! Kwamba ni za mtu mmoja, bado hakuna aliyethibitisha. Nani atathibitisha? Unyenyekevu unanizuia kujibu.

Naomba ridhaa yako nikufanye mfano wangu wa kwanza. Najua simu hukuchosha na kioo chake hukuumiza macho, kwa hiyo nitakuandikia, nawe utanijibu ukiwa umelala, kwa vipande vipande upendavyo.

Wako mtiifu,
Binti wa kaka yako

*

Nyumbani, chumba cha chini
16 Machi

Msomi wangu,

Marahaba. Barua yako nimeinywa kama dawa, asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu sentensi zako ni ndefu na mimi ni mfupi wa pumzi. Nimecheka mahali pa unyenyekevu. Sijawahi kusikia kwamba umemzuia mtu yeyote wa ukoo huu kufanya lolote.

Ridhaa umepata. Lakini nami nina haja, na haja yangu haiwezi kungoja mpaka uvae joho.

Nimeposwa.

Usianguke, naelewa kiti chenyewe ni kibovu. Ni Fundi Makochi, yule mwenye karakana nyuma ya posta, anayevalisha viti vya watu vitambaa vipya. Huja kila Jumamosi. Nikifumba macho katikati ya maneno yake, hanyamazi kwa kununa, hunyamaza kwa kunyamaza. Nikifumbua, namkuta anapima kochi langu kwa futi ya kamba na kusikitika juu ya springi zake. Mwanangu, nimeishi na watu. Mwanamume anayejua kukaa kimya bila kununa ni adimu kama sindano gizani.

Nampenda. Nimeliandika, sasa lichome au lihifadhi. Lakini sijampa jibu, na sababu ni hii: Fundi alikwisha kumuuguza mke mmoja hadi pumzi ya mwisho. Hakulalamika, ila mpaka leo akipita mbele ya lango la hospitali, huvuka barabara. Mimi nilikaa na mashine ile zaidi ya miaka ishirini. Kama uchovu huu ni mionzi, sijui mwili wangu unanificha nini kingine, na sitakubali kumpelekea mtu yule maradhi ya pili ya kukesha nayo. Kama si mionzi, basi mimi ni mwanamke anayechoka tu, na wanawake wanaochoka huolewa kila siku.

Kwa hiyo niambie: ni mionzi, au siyo? Nimemwambia Fundi anipe muda nifikiri. Hajui kwamba kazi ya kufikiri nimekukabidhi wewe.

Ndani ya bahasha kuna beji yangu ya mwisho, ile ya kupimia mionzi tuliyokuwa tukiibana kifuani. Beji zote za nyuma zilikusanywa, zikasomwa, na majibu yakarudi ya kawaida. Hii haikusomwa. Niliugua ile homa iliyonilaza kabla haijakusanywa, nikaenda nyumbani nayo mkobani, na sikurudi tena. Isome.

Baba yako usimwambie kitu. Na barua ijayo iwe fupi, nakusihi.

Shangazi yako

*

Maabara ya Seli
12 Aprili

Shangazi mheshimiwa,

Shikamoo, na hongera ambayo naizuia kwa mikono miwili isitangulie kazi.

Beji yako nilimkabidhi mtaalamu wa vipimo wa idara ya fizikia, bwana mmoja ambaye tangu nimjue hajawahi kushangaa. Aliiingiza kwenye mashine, akatazama kioo, akamwita mwenzake. Wote wawili wakanitazama mimi. Kipimo kimeuruka mpaka unaoruhusiwa kwa mfanyakazi kwa mwaka mzima, na kimeuruka kama mbuzi arukavyo ua!

Uliniuliza swali, nami ninalo jibu. Ndiyo, Shangazi. Ni mionzi.

Majibu ya beji zako za zamani yasitusumbue. Huenda yalisomwa vibaya, huenda mashine ya hospitali ilianza kuvuja mwishoni. Yote hayo nitayafafanua katika mhadhara wangu wa kwanza, ambao Profesa ameniruhusu kuutoa mwisho wa Mei mbele ya idara nzima. Nimeandaa kichwa cha habari: "Mfanyakazi wa Eksirei na Vijitanuri Vilivyozimika." Mama ameomba nafasi ya kukaa mstari wa mbele.

Shangazi, kwa miaka yote hii walisema ni uvivu, ni mawazo, ni ukosefu wa watoto. Sasa una ushahidi unaoshikika mkononi! Nilitamani nipige kelele koridoni, nikakumbuka cheo changu.

Wako katika ushindi,
Msomi

*

Nyumbani
20 Aprili

Mwanangu,

Asante. Kazi umeifanya haraka na nimekuelewa.

Jana Fundi alikuja na sampuli za vitambaa. Kimoja kilikuwa cha kijani, kizuri sana. Nimemwambia hapana. Nilimwambia pia asije tena Jumamosi, kwa sababu akija nitasahau kwa nini nilisema hapana. Alikunja vitambaa vyake kimoja kimoja, akauliza kama dirisha libaki wazi au lifungwe. Nikasema libaki wazi.

Usijilaumu, niliuliza, ukajibu. Mhadhara wako utoe vizuri, uvae viatu vinavyofunika vidole.

Shangazi

*

Karakana ya Makochi, nyuma ya posta
29 Aprili

Kwa binti Msomi,

Salamu nyingi. Hunifahamu, ila mimi nakufahamu, kwa kuwa shangazi yako hawezi kumaliza robo saa bila kukutaja. Ameniambia nimwache, na nimemwacha, maana mtu akisema amechoka ukamlazimisha kusimama, hapo umemwonea. Ila sikuambiwa nisikuandikie wewe.

Hakunificha sababu. Alisema mionzi imemwingia na kuna kifaa kilichothibitisha. Sikuja kubishana na kifaa. Nina swali la kazi tu. Nilikuwa nimeanza kumtengenezea kiti cha kulalia, chenye mgongo unaoshuka kwa kuvuta mkanda, ili aweze kukaa na watu bila kukaa. Je, mtu aliyeingiwa na mionzi anahitaji sponji ngumu au laini? Je, mifupa huuma? Nitakimalizia hata kama atakikalia akiwa si mke wangu. Kiti hakina kosa.

Labda unashangaa mtu wa makochi na mtu wa eksirei walikutania wapi. Hospitali ilikuwa ikiniletea aproni zile nzito, mikanda ikikatika, maana cherehani yangu ndiyo pekee inayopenya. Siku moja nilirudisha aproni ya shangazi yako mwenyewe. Akanikagua mimi kwanza, kisha mishono, akasema, "Tutajuaje sindano yako haikuyatoboa madini?" Nikasema, "Mama, mimi natoboa vitambaa, sitoboi watu." Akasema, "Tutaona." Wao hulaza aproni mezani na kuipiga picha kama mgonjwa, ili waone nyufa. Akanisimamisha nyuma ya kioo cha kujikinga, akaipiga picha mbele, akaigeuza, akaipiga nyuma, akairudia tena kwa kuwa nilimchekesha akasahau kubonyeza kitu fulani. Mishono yangu ilikuwa safi. Akanipa moja ya zile picha, akasema, "Chukua cheti chako."

Nimeitundika hapa karakanani mpaka leo. Mishono inaonekana kama nyayo za chungu. Na pale kwenye mkanda wa kola, nje ya madini, kuna kimraba chenye pini. Nilimuuliza, "Na huyu mdudu?" Akacheka, akasema, "Huyo ni mimi," maana kina namba yake ya kazi. Basi nikaichukua kwa furaha, nikajua nimepewa picha yake bila kuiomba.

Wiki ile ile nikasikia anaumwa. Nikaenda kumjulia hali, nikaona kochi lake. Mengine unayajua.

Nijibu kuhusu sponji.

Fundi Makochi

*

Maabara ya Seli
4 Mei

Mheshimiwa Fundi,

Shikamoo. Kuhusu sponji sina ujuzi wowote, weka laini.

Nakuomba, kwa heshima zote na kwa haraka zote: ishushe picha ile ukutani, iweke kati ya mbao mbili isikunjike, uitume kwangu leo. Usimwambie Shangazi. Usiikate, usiifute vumbi kwa kitambaa chenye maji, na usikiuze kiti.

Msomi

*

Maabara ya Seli
18 Mei

Shangazi wangu,

Shikamoo. Barua hii ni ndefu, nisamehe. Isome kwa siku mbili. Ila mstari huu wa kwanza usome leo: nalirudisha lile "ndiyo" langu. Halikuwa lako.

Jana nilipokea kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa cha kochi cha maua. Ndani mlikuwa na picha ya eksirei ya aproni. Ya kwako, Shangazi. Ile ambayo wewe mwenyewe uliilaza mezani ukaipiga mbele, ukaipiga nyuma, ukairudia. Na kwenye mkanda wa kola, nje kabisa ya madini, imebanwa beji. Niliisogeza picha dirishani, nikaisoma namba kwa kioo cha kukuzia. Ndiyo beji uliyonitumia.

Mionzi ile yote iliyosomwa na mashine, Shangazi, haikukupata wewe. Iliipata aproni. Wewe ulikuwa nyuma ya kioo cha kujikinga, pamoja na Fundi!

Nilimpelekea Profesa picha ile kama mshtakiwa anayepeleka ushahidi dhidi yake mwenyewe. Profesa huvaa miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Aliinua picha kwenye mwanga, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Huyu shangazi yako alikuwa mpiga picha mzuri?"

Nikasema, "Alikuwa bora hospitali nzima. Kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kukagua beji za wenzake."

"Basi siku hiyo ilikuwaje akaisahau yake kwenye kola?"

Nikamsomea barua ya Fundi. Alicheka hadi miwani ya kichwani ikaangukia ile ya machoni. "Andika hivyo kwenye ripoti," akasema. "Chanzo cha kosa: kicheko."

Kisha akaacha kucheka, akaniuliza kwa nini nilizitupa beji za miaka yote zilizosomeka vizuri nikaikumbatia moja iliyosomeka vibaya. Nilitaka iwe mionzi, Shangazi. Nilitaka uwe na kitu cha kumwonyesha Baba. Nilitaka pia mstari wa mbele ujae.

Sasa jibu lako, kama lilivyo. Je, mionzi inaweza kuvitikisa vijitanuri vya seli na kuiacha kinga macho? Inaweza. Je, uchovu wa muda mrefu umesimuliwa na watu waliopatwa na mionzi? Umesimuliwa. Je, hiyo ndiyo sababu ya uchovu wako? Sijui. Beji zako za zamani, nilizozipuuza, zinasema ulipata kidogo sana. Homa iliyokulaza wiki ile ile nayo iko kwenye orodha ya washukiwa, tena iko juu, kwa maana wengi huanza hivyo hivyo baada ya homa. Inawezekana ni vyote viwili vikishirikiana na kitu cha tatu ambacho bado hakina jina. Profesa hajui. Walioandika vitabu kwenye rafu yake hawajui, ila wao wametumia kurasa nyingi zaidi.

Mambo mawili tu nayajua. Uchovu wako ni wa kweli. Haukuhitaji beji, na ni aibu kwamba tulingoja beji ili kuuamini. Na hakuna kipimo chochote mkononi mwangu kinachosema mwili wako unakuficha jambo ambalo Fundi atakesha nalo.

Mhadhara wangu haujafutwa. Una kichwa kipya, na Mama bado amepangiwa mstari wa mbele, ingawa nimemweleza kwamba nitakuwa nikieleza nilivyokosea. Amesema atapiga makofi hata hivyo.

Wako,
Msomi asiyejua

*

Nyumbani
27 Mei

Msomi asiyejua,

Hiyo ndiyo barua yako bora kuliko zote, na nimeisoma kwa mkao mmoja.

Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Mimi! Mimi niliyemfokea mwanafunzi wa mazoezi mbele ya wagonjwa kwa kuacha beji mfukoni mwa koti! Nakumbuka picha, nakumbuka mishono, nakumbuka kwamba alikuwa na uzi mwekundu sikioni kama kalamu. Beji siikumbuki kamwe. Ugonjwa huu hunijaza ukungu kichwani, ila siwezi kuusingizia. Siku ile nilikuwa mzima. Nilikuwa namtazama fundi.

Unajua nilichoogopa zaidi ya kufa? Niliogopa kwamba kazi niliyoipenda ndiyo iliyonisaliti. Nimeona mifupa ya nusu ya mji huu, mwanangu. Nimewaonyesha akina mama mioyo ya watoto wao. Sasa wewe huniambii kwamba haikunisaliti; unaniambia hujui. Nashangaa jinsi hiyo inavyonitosha. Madaktari wote walinijibu. Mmoja alisema ni mawazo, mwingine damu, mwingine umri. Hakuna aliyewahi kukaa nami pale nilipo, pa kutojua.

Jumamosi Fundi alikuja. Anasema alikuja kupima mlango kama kiti kitapita. Mlango huo alikwisha kuupima mara chungu nzima.

Nikamwambia, "Binti anasema hajui kama ni mionzi."

Akasema, "Mimi pia sijui. Wewe unajua?"

"Sijui."

"Basi tumekubaliana wote watatu. Tatizo liko wapi?"

Nikasema, "Tatizo ni mke wako. Sitaki ukeshe tena."

Akakunja futi yake, akaiweka mfukoni, akaitoa, akaiweka tena. Akasema, "Mke wangu nilikesha naye kwa kuwa nilimpenda. Hakuna aliyenidanganya kuhusu kitanda chake. Wewe unanizuia jambo ambalo sijawahi kulijutia."

Nilifumba macho. Alidhani nimechoka, akanyamaza vizuri kama kawaida yake. Nikamwacha anyamaze kidogo, nifaidi, kisha nikamwambia kitambaa kiwe kile cha kijani.

Ndoa ni mwisho wa Juni, ofisini kwa msajili, asubuhi nikiwa na nguvu. Hakuna muziki mkubwa, hakuna kusimama, na watu wachache. Baba yako nimemwambia mwenyewe, alikaa chini. Wewe utatoa hotuba. Nakupa sentensi tatu, na nitazihesabu.

Shangazi

*

Maabara ya Seli
3 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Hotuba imekamilika: "Nilitumwa kutafuta chanzo cha uchovu wa Shangazi, nikapata chanzo cha furaha yake. Cha kwanza bado ninakitafuta. Cha pili amekaa hapo, ana uzi sikioni."

Mhadhara ulikwenda vyema. Mama alipiga makofi mahali ambapo hapakuwa na mapumziko, na Profesa akamfuata.

Msomi

*

Nyumbani, karibu na dirisha
15 Julai

Msomi wetu,

Marahaba ya kuchelewa. Nakuandikia nikiwa nimelala kwenye kiti cha kijani, mkanda umevutwa hadi mwisho.

Nimelala tangu harusi, kama ulivyobashiri kwa wasiwasi ukinishika mkono pale mlangoni. Viungo vilikataa, mwanga ulikataa, hata uji ulikuwa na kelele. Lakini safari hii nililala nikitabasamu, na nakusihi uandike jambo hilo kwenye utafiti wako, mahali popote litakapoingia. Leo nimekaa kwa muda wa kunywa chai nzima. Fundi alisimamisha cherehani ili ashuhudie.

Ulikuwa umetangulia ndani kuipanga hotuba yako ya sentensi tatu (ambazo zilikuwa tano, nilihesabu), kwa hiyo hukuona mambo ya nje. Watu waliokuwa kwenye foleni ya msajili waliponiona nimelala kwenye kiti cha kijani ngazini, walidhani tumekuja kukiuza. Bibi mmoja aliuliza bei. Bwana harusi, akiwa ndani ya suti, akampa vipimo. Tumepata oda mbili siku ya ndoa yetu.

Na baba yako. Wapagazi hawakutokea, kiti kiko chini, ofisi iko juu. Kaka akakunja mikono ya shati, akakishika, akakiinua mimi nikiwa nimekaa kando kwenye benchi. Akasema, "Kumbe kizito hivi!" Nikamwambia, "Kaka, hivyo ndivyo mkono wangu ulivyo siku mbaya nikitaka kuchana nywele." Akakipandisha ngazi zote bila kuomba msaada, akakiweka chini, akashuka tena, akaniinua mimi. Njiani akaninong'oneza sikioni, "Usitembeetembee." Tumezeeka pamoja, mwanangu, na hiyo ndiyo samahani yake ya kwanza kunipa.

Mwambie Profesa wako asante kwa kuirudisha ile picha salama. Fundi ameiwekea fremu ya mbao, akaitundika dirishani, ili asubuhi jua lipite ndani yake. Mpiga picha wa harusi tulimsahau, si unajua, kila mtu alidhani mwingine amemwita. Kwa hiyo mgeni akiingia akauliza picha ya harusi iko wapi, Fundi humpeleka dirishani.

"Mbona ni aproni?" huuliza mgeni.

"Angalia vizuri," Fundi husema. "Hiyo mishono ni mimi."

Kisha hunigeukia, hungoja, na mimi, hata nikiwa nimefumba macho, huinua kidole kuelekea kwenye kola.

"Na huyo ni mimi."

Shangazi yako,
mke wa Fundi